Udi wa Humaid

Badar, usipige simu. Soma, kisha futa.

Natoka kwa Humaid, kwenye ile nyumba kongwe ya mtaani kwetu Aija aliyoinunua ili tupendane mbali na macho ya watu, na wanaume wenzetu wa siri hiyo wapate pa kukaa. Si ndiye anayesema kila siku, "Hapa sote sawa"?

Wallahi leo nimeuona usawa wake.

Tumeshakula, tumejifukiza udi, mlango ukagongwa. Ami yake. Humaid akanitia dele la kahawa mkononi. Mie tu. Rafiki zake matajiri wa Maskati wakabaki wameegemea mito.

"Nani huyu?" ami akauliza.

"Mtumishi wangu."

Mtumishi, Badar. Mie anayeniita roho yake.

Nikamimina. Mzee akanishika mkono wa kanzu, akaunusa. Akamtazama Humaid. "Tangu lini mtumishi akafukizwa udi mmoja na bwana wake?"

Kisha akaniuliza mie, si wao: "Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja baba. Ningesema nini, na Aija nzima inatujua?

"Namjua. Nitaonana naye msikitini, alasiri."

Alipotoka tu, Humaid na wenzake wakapanda gari, wakakimbilia Maskati. Hata kuniaga hakuniaga.

Sasa niko nyumbani, naifua kanzu kwa sabuni na harufu haitoki.

Adhana hiyo. Baba yuko mlangoni anavaa viatu, ananiita twende sote.