Mkungu Aliouegemeza Baba

Xi'an, China
28 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima na masomo yanakwenda. Hofu ni kwako, na safari hii ni hofu kweli. Mdogo wangu Speciose ameniambia kwamba tangu tumzike Baba mwezi wa saba, pumzi inakukatika ukiimba. Nashukuru picha ya kifua imetoka safi. Lakini tarehe mbili Novemba padre anakuja kubariki kaburi. Ule wimbo Baba alioupenda, nani atauanzisha kama si wewe?

Huku majani yameanza kupukutika na hewa ni kavu. Bibi Luo, mwenye nyumba wangu, anafuata mafundisho ya kale ya Kitao, dini ya jadi ya Wachina. Anasema majira haya ni ya mapafu, na huzuni hukaa humo. Analala mapema, anaamka na majogoo, anafunika shingo, anakula peasi zilizochemshwa na asali. Asubuhi anasimama uani, anavuta pumzi taratibu, anaitoa kwa sauti ya "sss" mpaka iishe. Jaribu, Mama.

Mwanao,
Kayitesi

Kaisho
9 Oktoba 2024

Mwanangu Kayitesi,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe kazaa, maharage yameota. Mvua inatunyeshea kila siku, nawe unaniambia habari za hewa kavu. Kulala mapema na kuamka na majogoo? Huyo bibi yako angezaliwa Kaisho asingehitaji mafundisho. Peasi hakuna, nachemsha papai.

Hiyo "sss" niliifanya nyuma ya nyumba, Speciose akaja mbio na panga akidhani kuna nyoka. Sasa tunaifanya wote wawili. Katekista kasema kupumua si dhambi.

Kifua kimelegea, nakiri. Ila wimbo ukifika mstari wa pili unanikwama. Na ule mkungu wa ndizi ulio karibu na kaburi, baba yako aliutilia mwega mwenyewe, ule mti wa kuuegemeza, siku chache kabla hajatutoka. Umekomaa, ndege wanaudonoa, lakini sina moyo wa kuukata. Najua unachotaka kusema. Usiseme.

Mama yako,
Nyirabageni

Xi'an
20 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi sisemi kitu. Ila nilimsimulia Bibi Luo habari za mkungu, akaniuliza: mgomba uliokwisha kuzaa usipokatwa, machipukizi yake yanakuwaje? Nimemwambia nitakuuliza. Mkulima ni wewe.

Mwanao,
Kayitesi

Kaisho
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie yanadumaa. Hilo nalijua tangu sijaolewa, na nyote wawili mlijua kwamba nalijua.

Jana asubuhi nilikwenda na panga. Nikatoa pumzi, "sss", nikalia kwa sauti, vile ambavyo sikulia hata siku ya maziko, kisha nikaukata mkungu na mgomba wake. Upande mmoja ulikuwa umeiva, lakini ndizi mbichi zimetosha sufuria moja. Padre kala, kaongeza.

Wimbo nimeuanzisha mimi. Mstari wa pili sauti ilitetemeka, ikapita. Nimeumaliza, beti zote.

Mwega wa baba yako bado mzima, nimeuweka kwenye mgomba mwingine. Chipukizi nimeacha moja, lile nene. Wewe funika shingo na umalize masomo. Ukirudi, mkungu wake utaukata wewe.

Mama yako,
Nyirabageni