Mahindi ya Mama Nafula Yalinyeshewa Tukiabudu

Jumapili, Kitale. Jua asubuhi, mvua saa tano, na tangu hapo ni baridi na hasira.

"Kuabudu ni kusahau kila kitu kilichoko nje ya mlango wa kanisa." Ndivyo alivyotufundisha leo kiongozi wa sifa aliyealikwa kutoka Bungoma, bwana wa suti ya kubana, macho kayafumba, kipaza sauti karibu akimeze. Watu wakasema amina. Mimi nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu ili niyachanechane nikifika nyumbani.

Nimefika.

Nje ya mlango huo kulikuwa na mahindi. Mama Nafula, mjane wa njia ya kwenda Saboti, alikuwa ameyaanika kwenye turubai tangu Alhamisi, kwa ruhusa ya wazee wa kanisa, maana uwanja wetu una saruji na wake ni tope. Hayakuwa ya kuuza. Ndiyo ugali wake na wa wajukuu wake mpaka mavuno mengine.

Hapa kwetu mvua ikitisha wakati wa kuanika, unakimbilia turubai lililo karibu nawe, hata liwe la nani. Hata majirani wasiosalimiana hukunja pamoja, kisha wanarudia kununiana. Sijawahi kuona desturi hiyo ikivunjwa.

Leo tumeivunja tukiwa tumeinua mikono.

Spika zilinguruma kiasi kwamba hatukusikia matone ya kwanza juu ya mabati. Mama Nafula ndiye aliyesikia. Akainuka, akaanza kupenya katikati ya viti.

"Mama, kaa chini!" mgeni akapaza sauti. "Adui anatumia mvua kuwatoa kwenye uwepo wa Bwana!"

"Baba, mahindi yangu yananyeshewa."

"Hayo ni mambo ya dunia, mama."

"Ya dunia? Na yale magunia ya shukrani mtakayobeba kwenda Bungoma, si ni mahindi pia?"

Wachache wakacheka. Kinanda kikapandishwa sauti ili kuwazima. Akatoka peke yake, mama wa umri ule, na watu zaidi ya mia wenye nguvu zao wakaendelea kuyumba kama migomba.

Siukatai wimbo. Nimeimba tangu utotoni na nitaimba mpaka nizikwe. Ninachokidharau ni huu uvivu uliovalishwa machozi. Mnatetemeka, mnagaagaa, mnaita huko kukutana na Mungu, halafu mnashindwa kukutana na mjane aliye hatua ishirini kutoka mlangoni. Manabii wa zamani walikemea nyimbo za namna hii kwa maneno makali kuliko yangu. Ibada ni kumpa Mungu maisha yote, pamoja na mgongo unaoinama kukunja turubai. Mkimpa koo peke yake, mmempa kelele.

Sasa niseme lililo gumu.

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Niliyaona mawingu yakishuka kutoka Mlima Elgon kabla Mama Nafula hajainuka. Sikutoka. Nilikuwa nikihesabu ni mara ngapi wanarudia kiitikio kimoja, ili niwacheke humu kwenye blogu. Nilikuwa nimefika kumi na saba. Wao walizama kwenye wimbo, mimi nikazama kwenye dharau yangu, na yule mama hakufaidika na lolote kati ya hayo mawili.

Nilipotoka hatimaye, alikuwa amekunja upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa unaelea. Niliokota punje moja nikaiuma. Ikabonyea kama maharagwe yaliyochemshwa. Yakikaa hivyo siku mbili tatu yataota ukungu, na mahindi ya ukungu hata kuku hapewi.

"Pole, mama," nikasema.

"Pole ya nini, mwalimu? Shika huku tuvute."

Tukavuta, wawili tu. Ndani walikuwa bado wanaimba.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wa timu ya sifa, kila mmoja, na najua mnasoma hapa kwa siri: kesho jua likichomoza, njooni uwanjani. Kuna mahindi ya kutandaza, kugeuza na kuchambua mpaka jioni, na kesho kutwa tena. Nawe, mgeni wetu, Bungoma si mbali, na magunia ya shukrani hayajapakiwa. Mwachie Mama Nafula. Mimi nitakuwa hapo mapema, bila daftari.

Njooni na mikono ile ile mliyoinua leo.