Namba za Rangi ya Kucha

Jumatatu, 4 Machi
Fundi mkuu ameniletea bakuli la swichi za kuzungusha, kumi na mbili, za kupandisha na kushusha joto, za mashine za kupashia joto watoto njiti. Ngozi ya mpira iliyozifunika imezeeka, imegeuka gundi. Ukishika, inakufuata! Wauguzi wamelalamika mpaka basi. Agizo: mpira utoke, plastiki ya chini isipate hata mkwaruzo. Nimejaribu kwanza kwenye swichi mbovu ya redio. Kisu — mkwaruzo papo hapo. Petroli — plastiki ikaanza kulainika. Lakini mimi sijawahi kushindwa na gundi.

Jumanne, 5 Machi
Spiriti! Tambara laini, lowesha, funika dakika tatu, kisha sugua taratibu kwa kidole gumba. Mpira unajiviringa wenyewe kama unga uliokandwa. Palipobaki, kijiti cha mbao. Zote kumi na mbili zinang'aa, utadhani zimetoka dukani leo. Nanuka spiriti mpaka mume wangu kaniuliza nimeanza kunywa lini. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Jumatano, 6 Machi
Namba. Moja hadi sita, za viwango vya joto — zilikuwa zimechapwa juu ya mpira, si kwenye plastiki. Zimebaki kwenye tambara, weusi mtupu! Na swichi hizi zinachomekwa upande wowote, tena zinazunguka bila kikomo. Nimezigeuzageuza, hakuna alama. Nimekwenda kwa fundi mkuu. Akasema wodi inazitaka saa nane, nikadirie tu, macho yangu si mabaya. Nimekadiria. Nimeandika namba kwa rangi ya kucha, nyekundu. Zimependeza kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu wa wauguzi amenisifu mbele za watu. Eti mikono ya dhahabu! Fundi mkuu ameandika kwenye kitabu cha kazi: hakuna kilichoharibika. Nikatabasamu kama mjinga.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemsikia mfagizi wa wodi akimwambia mwenzake kwamba tangu Jumamosi watoto wana homa. Wawili, sasa watatu. Wanashuku maziwa, wamechemsha chupa zote upya. Maziwa! Watoto wa mashine ya tatu, ya saba, na sasa ya tisa. Nimerudi kwa fundi mkuu, nikamwomba twende na kipimajoto tukapime. Akasema nifunge bakuli langu hili la mdomo. Likifunguka, itakayopotea ni kazi yangu, si yake. Naogopa kufukuzwa. Ndiyo hivyo, na ninajichukia kwa ajili hiyo.

Jumanne, 12 Machi
Homa nne. Sijala.

Alhamisi, 14 Machi
Mdogo wangu amejifungua asubuhi, wiki sita kabla ya siku zake. Wa kiume. Kadogo, lakini uso ni marehemu mama mtupu. Wamemweka kwenye mashine ya saba, aliyekuwamo amehamishwa jana.

Niko kwenye benchi la korido, mdogo wangu kando yangu, amejifunika shuka. Anasema amefurahi, angalau mwanawe amelala kwenye mashine iliyopita mikononi mwa dada yake. Nimekosa pa kuuweka uso.

Muuguzi ametoka. Mtoto ana joto, anamtafuta daktari waanze dawa. Nikamwambia apunguze mashine. Akasema mbona iko kwenye mbili tu, dada, ishuke wapi tena. Mbili! Hiyo mbili ni yangu, nimeichora mwenyewe. Nilitaka kusema. Nikasema, haya. Ameshapita.

Mlango wa wodi uko hatua kumi kutoka hapa. Fundi mkuu kasimama mwisho wa korido, ameniona, ananitikisia kichwa: usithubutu. Naandika kwa sababu mdomo umegoma, mkono peke yake ndio unaonitii. Mdogo wangu anauliza naandika nini saa hizi, na mbona nalia. Nimemwambia si kitu. Hajaamini. Ameomba daftari. Ameshanyoosha mkono na hauondoi — nimemwambia ngoja, mdogo wangu, nimalize mstari huu