Kibwana Hukumuulizia

Korogwe,
9 Juni 1975

Kaka Mhina,

Shikamoo, naitoa kwa ajili ya umri wako. Sisi huku wazima, na natumaini wifi na watoto hawajambo. Barua yako ilifika. Umeulizia mvua, umeulizia mahindi. Mdogo wetu Kibwana hukumuulizia, basi nakupa habari zake utake usitake.

Ulipowaita mgambo wamkamate na chupa yake ya gongo, ulisema kijiji cha ujamaa hakitaki walevi, na kwamba mahabusu itamnyoosha. Haikumnyoosha. Mtu aliyekunywa kila siku tangu amzike mkewe, pombe ikakatika ghafla: akatetemeka, akatapika, akaona wadudu ukutani. Aliwaambia askari wazi kwamba amechoka kuishi. Wakacheka, wakasema hiyo ni pombe inayosema. Nami nilipokwenda kuwasihi wamwite daktari, nikaambiwa nirudi Jumatatu.

Jumapili alijaribu kujiua. Waliomwokoa ni mahabusu wenzake. Dominiko, mkata mkonge wa Mazinde, alimshikilia huku akipiga kelele mpaka mlango ukafunguliwa. Yu hai, kaka. Na alipopata fahamu, unajua walimfanyia nini? Walimwongezea shtaka la kutaka kujiua! Mtu anazama, wanamshtaki kwa kulowa.

Hasira zangu ningewaachia wao, lakini Dominiko amenieleza jambo. Kwamba Ijumaa, siku mbili kabla ya hapo, ulikuja, ukasimama mlangoni, ukamwambia Kibwana mbele ya wote, "Heri ungekufa tukuzike mara moja, aibu iishe." Sikuamini. Nikamwuliza mwenyewe. Akageukia ukuta, akasema nisikuandikie, kwa kuwa wewe ni mkubwa wake.

Nimekuandikia. Nimemwekea dhamana, na kesho nampeleka hospitali ya Lutindi kule mlimani, kwa watu wanaoyajua maradhi haya, wamekubali kumpokea. Nitakaa naye hukohuko. Ameanza kunywa uji, na jana aliuliza kama mbuzi wake amezaa.

Mama bado hajui. Nitamwambia mimi, wewe nyamaza. Ukitaka kuja Lutindi, njoo. Lakini uje kulifuta neno lako mbele yake, kwa mdomo uleule. Ukija na ukatibu wako wa kijiji, geukia hukohuko bondeni, maana mlangoni nitakuwepo mimi.

Nisalimie wifi na watoto. Hao sina ugomvi nao.

Mdogo wako,
Mwaija