Mtani Kanifungia Rola, Sijui Kama Alikuwa Anatania

Mpendwa Bi Efrazia, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijacheka tena mahali pasipostahili. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, nimepanga Sofu, nakaribia hamsini na tumbo limenitangulia kufika, naendesha foklifti kwenye ghala moja la vigae hapa Kibaha, kazi ninayoiweza kuliko kuendesha nyumba yangu, na mke wangu Siwema atakuthibitishia hilo bila kuombwa.

Sasa foklifti ina mlingoti wa chuma mbele, na ndani yake kuna rola, vigurudumu vizito vinavyoshika njia ili kile kigari chenye meno ya kubebea mzigo kipande na kushuka kimenyooka, na rola zetu zikaisha, kigari kikawa kinapanda kimeegemea upande kama mimi kwenye ngazi, ndipo meneja wetu, Bi Zuwena, akamwita fundi Silvanus kutoka Maili Moja. Silvanus ni Mnyamwezi, yaani mtani wangu, na tangu tufahamiane hatujawahi kuambizana neno la maana: mimi nikimwona namuuliza leo ameiba nini, naye ananiuliza nitakufa lini aje ale ubwabwa wa msiba.

Alipomaliza kufunga akajifuta mikono, akaniambia mbele ya ghala zima, "Mtani, rola za mashine hii sijazipata, nimekufungia za geti la kanisani kwetu. Ukipandisha mzigo soma dua, kuzika nitakuja."

Nikamjibu, "Za kanisani? Ndiyo maana zinang'aa, mwizi wewe!"

Watu wakacheka, Bi Zuwena akacheka, mimi nikacheka kuliko wote, nikapanda kitini nikainua paleti ya vigae kujaribu, na nakumbuka Silvanus alirudi nyuma hadi mlangoni akamvuta mkono na Elinipa, yule binti anayepanga mizigo, ambaye husimama karibu na meno kunielekeza kwa sababu macho yangu nayo siku hizi yananifanyia utani.

Ikapanda vizuri tu. Lakini tangu wiki hii kigari kikifika usawa wa kichwa kinasita, kinalia ka!, halafu kinaruka kama mtu aliyekumbuka kitu. Nimepaka grisi, sasa kinasita kwa ulaini zaidi. Nikampigia simu Silvanus, "Mtani, hizi rola ni za nini hasa?" Akasema, "Si nilishakwambia? Wewe sema tu, tukuzike Kisarawe au Kibaha?" Nikacheka, akakata, nikabaki na simu mkononi nisijue nimejibiwa nini.

Nimechanganyikiwa, Bi Efrazia. Nikienda kwa Bi Zuwena nitakuwa nimemchongea mtani kwa maneno ya utani, atakosa kazi pale ghalani, na kwetu mtu anayemkasirikia mtani wake anasimangwa hadi uzeeni. Nikinyamaza, Elinipa anasimama palepale kila siku akinipungia, "Mzee Kitwana, pandisha, pandisha!" na mimi napandisha. Siwema anasema ni uzee unanitia woga. Nifanyeje?

Ni mimi, Kitwana wa Sofu.

*

Marahaba, Kitwana. Nimekucheka vizuri mpaka ulipofika kwa Elinipa, hapo nikaacha.

Unaniuliza kama Silvanus alikuwa anatania, na jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita bila kulisalimia. Mtu anayetania harudi nyuma hadi mlangoni akimvuta na binti wa watu. Mdomo wake ulikuwa wa mtani, miguu ilikuwa ya fundi. Amekwambia rola sizo, akarudia kwenye simu, kwa lugha pekee mliyonayo ninyi wawili, na mara zote umecheka. Kwa nini hakusema wazi, sijui. Pengine aliharakishwa, pengine aliona aibu. Naye ana kosa kubwa, na akisoma hapa ajue nimemsema.

Sasa nisikilize. Leo hii shusha meno mpaka sakafuni, chomoa ufunguo, uutie mfukoni chini ya hilo tumbo. Asipewe mtu, hata wateja wakipiga kelele. Usichungulie mlingoti ukatia vidole humo, na hiyo grisi iache. Kisha mpigie Silvanus, na usimwite mtani. Mwite kwa jina lake na la baba yake, umwambie, "Leo hatutaniani. Rola hizi ndizo au sizo?" Atakapolisikia jina la baba yake mdomoni mwako, kicheko kitamkauka. Halafu nendeni wote wawili kwa Bi Zuwena, mkadai rola zenyewe. Hujamchongea mtu ambaye umesimama naye.

Huenda nimekosea, rola ni nzima na ugonjwa uko kwingine. Basi Silvanus atakuita mwoga wa vigurudumu kwenye kila harusi mpaka mng'oke meno. Vumilia, si mtani wako?

Na siku yako ikifika, atakuja Kisarawe ajilaze kaburini mwako, akatae kutoka mpaka abembelezwe, na wafiwa watacheka huku wanalia, maana mila inamruhusu. Lakini Elinipa ni mtoto wa Upareni, na mama yake hana utani na wewe wala na Silvanus. Akipigiwa simu kwamba vigae vimemwangukia binti yake, ninyi wawili mtamwambia nini?