Kiwiko Changu cha Kulia

Jumatatu, 7 Juni 1999
Mwalimu Dabaso ameniongezea vyuma vya kunyanyua. Vyuma gani — makopo ya mafuta yamejazwa saruji, yakashikizwa kwenye bomba. Anataka mkuki wangu uende mbali zaidi mashindano ya mkoa yakifika. Makocha wa jeshi watakuwepo Mombasa, wanatafuta wanamichezo wa kuajiri. Tangu mafuriko yachukue shamba letu la Chara, Mama hana tegemeo ila mimi. Nilirusha. Kiwiko kikachoma kama sindano. Sikusema.

Alhamisi, 10 Juni
Nimeshindwa kujichana nywele. Darmi, mwenzangu wa mazoezi, ndiye aliyenichana. Akauliza mkono una nini. Nimeulalia vibaya, nikamwambia. Hakuamini. Yeye ndiye wa akiba — nisipoenda mimi, anaenda yeye.

Jumamosi, 12 Juni
Zahanati ya Garsen. Nesi Lorna aliukunja mkono, akaunyoosha, machozi yakanitoka. Kasema nisirushe kitu mpaka maumivu yaishe kabisa, halafu nianze polepole kwa kuvuta mpira wa baiskeli. Nikirusha sasa, mshipa utakatika. Nikaomba vidonge tu. Akanipa, shingo upande.

Jumatano, 16 Juni
Darmi kaniona nikibeba ndoo kwa kushoto. “Wewe ambia mwalimu,” akasema. “Mimi nataka kwenda, lakini si hivi.” Nikamsihi anyamaze. Amenyamaza. Siwezi kumtazama usoni.
Jioni Mama alinikanda na mafuta ya simsim. Namdanganya kuwa ni uchovu.

Ijumaa, 18 Juni
Mombasa. Vidonge viwili vimebaki. Mungu wangu, kesho tu. Kesho tu.

Jumamosi, 19 Juni
Uwanjani. Naandika kwa kushoto, mwandiko kama wa mtoto.
Mrusho wa kwanza ulipaa vizuri mno. Hakuna aliyenipita mpaka sasa. Wa pili — kitu kikakatika ndani, nilikisikia. Mkuki ukaanguka hapo hapo mbele yangu. Mwalimu akaja mbio. Nikasema nimeteleza. Akapandisha mkono wa fulana, akaona uvimbe.
“Mbodze, tangu lini?”
Nikauvuta mkono wa fulana chini. Akachuchumaa, akasema, “Na mimi nakuongezea vyuma.” Ameenda kutafuta barafu.
Vidole viwili sivisikii. Nimebakiwa na mrusho mmoja. Nikijitoa, watauliza kwa nini.
Kocha mmoja wa jeshi anakuja huku. Anatabasamu. Ameshanyoosha mkono wa kulia kunisalimu.