Si Bariki, Ni Vile Vyuma Vyako

Katonga,
Kigoma.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa kaka yangu Elikana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Makambako, wewe na wifi Happiness na watoto. Baridi ya huko mnaionaje? Na kile kifua cha wifi, kimepona au bado anakohoa? Sisi huku tunapumua. Agape ametimiza miezi saba, ameota meno mawili ya chini na anatuuma wote bila kuchagua. Mvua bado, ila mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Kongo, kwa hiyo tunangoja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito, na wewe ukisikia jina la mume wangu unakata. Barua huwezi kuikata. Nimempa Gervasi, yule dereva wa lori wa jirani yetu, akukabidhi mkononi. Kaa chini kwanza kaka, ndipo usome.

Bariki hakunipiga. Hajawahi kunipiga hata siku moja. Ile alama ya shingoni aliyoiona binamu Recho akakimbilia kukupigia simu, na huu mdomo uliopasuka, ni vile vyuma vyako vya kunyanyua. Vile ulivyoviacha chumba cha nyuma ulipokuwa unakaa kwetu, ukaniambia nisiviguse.

Naona haya hata kuandika. Nilianza kuvigusa ziwa lilipofunguliwa mwezi wa nane. Unajua ile miezi mitatu uvuvi ulipofungwa ili samaki wazaliane tulikaa tu, na mimi nilikuwa nimetoka kujifungua, mikono ikawa kama ya mgonjwa. Siku ya kwanza ya kupakua dagaa nilibeba beseni, nikafika katikati ya mchanga magoti yakaisha nguvu, nikalimwaga lote. Wenzangu wakacheka mpaka wakashika viuno. Mmoja akaniambia, "Mama Agape, mikono umeisahau leba?" Tangu siku ile mwenye dagaa akawa anachagua wabebaji, ananiruka.

Basi nikajisemea, kaka alikuwa mwembamba kama mimi, akavinyanyua mpaka akawa vile alivyo. Nikawa navinyanyua jioni Bariki akishatoka kwenda ziwani. Nilikuwa nafunga mlango kwa komeo, maana ningeonekana mke wa mtu nalala chali kwenye benchi nasukuma bomba la chuma, Katonga nzima ingeimba. Mwanzoni nilikuwa natia yale makopo madogo uliyoyajaza saruji. Nikaona naweza. Nikatia makubwa.

Sasa sikia kosa langu. Wewe ulikuwa huyafungi makopo, unayapitisha tu kwenye bomba na kuyaacha wazi pembeni. Nilidhani ni uvivu wako. Nikachukua uzi wa nyavu nikayafunga pande zote mbili, kwa fundo lile alilonifundisha Bariki, ambalo hata likilowa halilegei. Nikajiona fundi kweli! Sikujua kwamba ulikuwa unayaacha kusudi, ili chuma kikikushinda ukiwa peke yako ukiinamishe upande mmoja, makopo yamwagike, utoke.

Ilikuwa Alhamisi. Mara ya sita mikono ikakataa. Bomba likashuka taratibu mpaka likanikalia hapa chini ya koo. Nikainamisha, wapi. Makopo yameshika. Nikataka kupiga kelele, pumzi hamna, na hata ingekuwepo, mlango nimeufunga mwenyewe. Nikajipindua na chuma chote, nikaanguka nacho. Mdomo ukapiga sakafu.

Kaka, Agape alikuwa amelala kwenye mkeka, palepale chini. Kopo lilitua shubiri moja kutoka kichwani kwake. Shubiri moja, nimeipima kwa mkono wangu huu. Hakuamka hata. Nikakaa pale chini, hata kumnyanyua naogopa.

Bariki aliporudi asubuhi na boti nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alilichukua lile kopo akaliangalia, akamwangalia mtoto, akatoka nje. Aliporudi nikamshika miguu, nikamwomba asimwambie mtu, hasa mama yake. Niliogopa mama mkwe angeona sifai kuachiwa mtoto. Akaniambia, "Sawa, mama Agape. Tutasema uliteleza." Lakini kuteleza gani kunaacha mstari shingoni? Watu wakajijibu wenyewe.

Na mimi nikawaacha. Hapo ndipo penye aibu yangu kaka, kuliko kule kuanguka. Mama Veneranda alikataa kula meza moja na mwanawe wiki tatu nzima. Nilimsikia akimwuliza uani, "Nilizaa mwanamume au nilizaa mnyama?" Na Bariki hakunitaja. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikaendelea kukoroga. Kwenye boti wakamwita bondia. Akishika kasia wanasema, "Mpisheni bondia, asije akatuchapa." Akawa anacheka nao, akifika nyumbani hali chakula.

Halafu ukapiga simu wewe. Zilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, wako wote ufukweni wanashona nyavu, akakupokea kwa furaha akaweka spika ili wenzake wamsikie shemeji yake wa Makambako. Ukamwita mbwa. Ukasema mwisho wa mwezi unakuja kunichukua mimi na mtoto utupeleke kwa baba, kule Kalinzi. Aliporudi aliniambia tu kwamba umesalimia.

Niliyajua kutoka kwa wenzake, siku ya nne. Sikuweza tena.

Alhamisi iliyopita nilimwita mama mkwe chumba cha nyuma, nikamwonyesha benchi, uzi, kopo, na mkeka ulipokuwa. Nilimwambia na la mtoto. Nikangoja anifukuze. Akavuta kigoda akakaa, akasema, "Kwa hiyo nimemtukana mwanangu wiki tatu kwa sababu ya kopo?" Akalia, na mimi nikalia. Kisha akanichapa kofi begani, akasema nikitaka tena kunyanyua machuma yangu nimpe yeye mtoto kwanza. Jioni ile alimpikia Bariki migebuka kwa mawese, akampelekea mwenyewe kwa mikono yake miwili. Bariki alikula akamaliza.

Wanawake wa dagaa nao nimewaambia jana. Walicheka, wanicheke tu.

Bado naendelea, usikasirike. Nafanya taratibu, mlango wazi, mtoto yuko kwa bibi yake. Vingi nanyanyua nimesimama, kutoka chini hadi kiunoni, nikichoka naweka. Bariki amepanga matofali pande mbili za benchi, nikilala yanazidi kifua changu kidogo, ili chuma kikinishinda kilale juu ya tofali kisinilalie mimi. Uzi tumeutupa. Juzi nilibeba beseni hadi kwenye vichanja vya kuanikia bila kupumzika, na mwenye dagaa aliniona.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi njoo kaka, ila usije kunichukua. Njoo uangalie kama matofali yako sawa.

Na nina ombi moja. Nimekukosea kwa kukuachia ukosee, lakini hili siwezi kukufanyia mimi. Ulimtukana mbele ya wenzake wote. Mpigie siku yoyote saa kumi jioni, wakiwa wanapakia nyavu. Akipokea, usianze kuongea. Mwambie kwanza aweke spika. Ndipo umwite shemeji, kama zamani.

Nisalimie wifi Happiness, na watoto mmoja mmoja. Mama Veneranda anakusalimu, anasema una mdomo mkali kama wake. Recho naye anakusalimu, anaona haya kidogo. Agape hajui lolote, anakuuma kwa mbali.

Mungu aliyeweka ile shubiri moja awalinde na ninyi huko.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa na aibu,

Winfrida (mama Agape)